Adrian Atiman: mikono iliyojifunza kupima



Vijana wenzangu, tumeshazoea kwenye ukurasa huu kusoma habari za wafiadini, wamonaki na watu waliokaa miaka mingi wakisali jangwani. Leo nawaletea mtu mwingine kidogo. Huyu sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye chupa za dawa, vidonda, homa na watoto wanaoharisha. Hakuwa padri. Alikuwa mume, baba, katekista na daktari. Anaitwa Adrian Atiman, yule daktari katekista wa Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Nimemchagua kwa sababu ya swali. Hapa Usoke, ninakofanya mwaka wangu wa kichungaji, binti mmoja wa TYCS anayesoma masomo ya sayansi aliniuliza kama kuna utakatifu wowote maabara. Alisema kanisani anaona anasali, shambani anaona anafanya kazi, ila maabara anaona anafuata tu sheria za mwalimu: vaa miwani, usionje, andika jina la chupa, rudisha kifuniko. Je, hayo nayo Mungu anayaangalia? Mimi nimesoma falsafa, siyo kemia, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa haraka. Nikamkumbuka Atiman. Maisha yake yanajibu vizuri kuliko mimi.

Mtoto mwenye bei

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali. Akiwa mtoto wa kama miaka 10 alitekwa na Watuareg waliokuwa wakifanya biashara ya watumwa. Wakamvusha jangwa la Sahara mpaka Metlili, huko Algeria. Kule Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa kulipa fedha, mwaka 1876.

Hebu tutulie hapo kidogo. Mtoto wa umri wa darasa la nne au la tano anatazamwa meno, anashikwa mikono kuona kama ana nguvu, kisha watu wanapatana bei. Yaani anapimwa kama gunia. Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda Sahara kulielewa jambo hilo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita kwetu Unyanyembe, na miaka hiyohiyo pembe za ndovu zilipimwa hapa kwa frasila, na watu nao walihesabiwa wakiwa kwenye minyororo. Mizani ya njia ile ilikuwa mizani ya biashara tu, na mtu alipewa thamani ya alichoweza kubeba.

Nataka mkumbuke mizani hiyo, maana huyu mtoto aliyepimwa atakuja kushika mizani yeye mwenyewe.

Malta

Shirika lililomkomboa lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Lavigerie alikuwa na mawazo makubwa, na moja lilikuwa hili: Injili ikae Afrika, lazima ibebwe na Waafrika wenyewe. Tena aliona kwamba mlango mgumu kwa mhubiri huwa mwepesi kwa mganga. Mtu anaweza kukataa kukusikiliza, lakini mtoto wake akichemka homa usiku, atakufungulia.

Kwa hiyo mwaka 1881 Lavigerie alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, ili wasome udaktari katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho na wakati huohuo waandaliwe kuwa makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao. Alibatizwa mwaka 1882, na akaendelea na masomo mpaka mwaka 1888.

Sasa, udaktari wa miaka ile haukuwa wa kuandika karatasi na kumtuma mgonjwa dirisha la dawa. Dawa nyingi hazikuja zikiwa vidonge vilivyokwisha kupimwa. Daktari au mfamasia alizitengeneza mwenyewe mezani: anasaga kwenye kinu kidogo, anapima unga kwa mizani ya sahani mbili, anayeyusha, anachuja, anajaza chupa, anaandika jina. Ilikuwa kemia ya mikono.

Na vitu vyenyewe havikuwa vya mchezo. Kwinini, iliyotolewa kwenye maganda ya mti wa sinkona na wanakemia wawili wa Paris mwaka 1820, inaponya malaria. Ukizidisha, masikio yanavuma, macho yanaweza kupoteza nuru, na moyo unaweza kusimama. Klorofomu, iliyoanza kutumiwa na madaktari mwaka 1847, inamlaza mgonjwa asisikie kisu. Matone machache ya ziada yanamlaza moja kwa moja. Tena ukiiacha kwenye chupa nyeupe juani, mwanga na hewa huivunja ikatoa gesi ya sumu, ndiyo maana huwekwa kwenye chupa ya rangi ya kahawia. Etha nayo hulaza wagonjwa, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa juu ya meza kimyakimya mpaka ukutane na taa upande wa pili wa chumba, halafu moto unarudi kwa njia ileile. Asidi ya kaboliki, ambayo Joseph Lister aliitangaza mwaka 1867 kuwa inazuia vidonda kuoza, ilikuwa inaokoa miguu na mikono ya wagonjwa huku ikichubua mikono ya madaktari.

Vyote hivyo, ukiviweka kwenye meza moja na maji safi, vingi havina rangi. Macho hayakusaidii. Kuonja ni kujiua. Kinachokulinda wewe na mgonjwa wako ni tabia: jina kwenye chupa, kipimo kilichorudiwa mara mbili, mkono usio na papara.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulimsoma Aristotle, anayefundisha kwamba fadhila haiingii kichwani kwa kusikia. Mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga, na anakuwa mwenye kiasi kwa kutenda kwa kiasi, leo na kesho na keshokutwa, mpaka jambo liwe sehemu yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino akalichukua fundisho hilo na kuliweka ndani ya nyumba ya imani. Zamani nililielewa kama nadharia. Nikimfikiria Atiman kijana, mbele ya mizani yake, nalielewa kama picha. Kila asubuhi anapima, na kwa kupima anafanywa kuwa mtu wa aina fulani. Mtu anayejua kwamba uhai wa mwingine uko kwenye ncha ya kijiko chake.

Kwa njia ya misafara, lakini akiwa huru

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi Mei Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka wa kulaani utumwa, na Lavigerie akaanza kuzunguka miji ya Ulaya akihubiri biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka huohuo Atiman, kijana wa kama miaka 22, alianza safari ya kuja kwetu pamoja na wamisionari.

Kutoka pwani mpaka Tabora msafara ulichukua kama miezi mitatu kwa miguu. Waliokwenda Ujiji waliendelea magharibi kwa upande wa Urambo, upande huu ilipo Usoke. Waliokwenda Karema walichepuka kusini magharibi. Mizigo ilibebwa mabegani, na Wanyamwezi walijulikana pwani yote kuwa wapagazi hodari. Fikirini sanduku la dawa kwenye safari hiyo: chupa za kioo, mito ya kuvuka, mvua, mchwa, jua la mchana. David Livingstone, ambaye naye alikuwa daktari na alikaa kwetu Kwihara mwaka 1872, alikuwa ameibiwa sanduku lake la dawa mwaka 1867, na tangu hapo afya yake ikawa inabomoka. Kwenye njia ile dawa ilikuwa uhai.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni mwelekeo wa miguu. Miaka ile bado kulikuwa na watu waliotembea kwenda pwani wakiwa wamefungwa shingo. Atiman alitembea kwenda bara akiwa huru, akipeleka dawa kwa watu ambao hakuwajua. Hakurudi kwao Mali kumtafuta mama yake, ingawa nadhani moyo ulimwuma. Alikwenda mahali alikotumwa.

Karema

Alifika Karema mwaka 1889. Mahali pale palikuwa na boma lililojengwa na Mbelgiji Cambier mwaka 1879, na mwaka 1885 lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala, alikuwapo Kapteni Leopold Joubert, mwanajeshi Mkristo aliyekuwa akiwalinda watu dhidi ya wawindaji wa watumwa. Kwa hiyo daktari wetu hakufika kwenye zahanati tulivu. Alifika mahali ambapo watu walikuwa bado wanakimbia na majeraha.

Akaoa pale, Agnes Wansahira, wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Wakapata mtoto wa kiume, Joseph. Mwaka 1923 huyo Joseph alipewa daraja la upadri. Hebu sema mwenyewe kimoyomoyo: baba aliuzwa sokoni, mwana anasimama altareni. Katikati ya hayo mawili kuna miaka ya baba kuamka asubuhi na kwenda kazini.

Na ndiyo habari yenyewe. Ukiniuliza Atiman alifanya nini Karema, jibu fupi ni kwamba alibaki. Wajerumani walikuja, wakatawala, wakaondoka. Vita Kuu ya Kwanza ikapita. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita hapa Usoke, na njia ya zamani ya misafara ikaota majani. Waingereza wakashika nchi. Yeye yupo tu Karema, anatibu, anafundisha katekisimu, anabatiza wanaokufa, anafunga vidonda. Alitibu wavuvi na mapadre, Wakristo na wasio Wakristo. Alihesabu miaka 67 mahali pale, mpaka alipofariki tarehe 24 Aprili 1956, akiwa mzee wa kama miaka 90. Uhuru ulikuwa umebakiza miaka 5.

Mwenyewe aliandika habari za maisha yake, na mwaka 1946 zilichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtoto aliyeandikwa kwenye hesabu za wafanyabiashara kama mali, akaishia kuwa mwandishi wa maisha yake mwenyewe.

Dawa yenye jina zuri

Niruhusuni nitoke Karema kidogo, nitarudi. Nataka mwone jinsi kazi ile ilivyokuwa ya hatari, si kwa daktari tu bali kwa mgonjwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kuzunguka Ziwa Viktoria, ukafika pia mwambao wa Tanganyika, ndio mwambao wa Atiman. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa maarufu kuliko wote wa zama zake, alikaa kwenye visiwa vya Sese, Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale. Alitumia dawa iitwayo atoksili. Hiyo ni kemia ogania kabisa, kaboni iliyofungwa pamoja na aseniki. Jina lenyewe lilitungwa likiwa na maana ya kitu kisicho sumu. Na kweli mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Kisha kipimo kikaongezwa, na baadhi yao wakapofuka. Wasipone tena macho.

Jina zuri kwenye chupa halikuwalinda. Umaarufu wa daktari haukuwalinda. Mwanakemia Paul Ehrlich na wenzake walirudi mezani, wakagundua kwamba hata umbo la atoksili lilikuwa limeandikwa vibaya, wakaanza kutengeneza dawa nyingine za jamii hiyo moja baada ya nyingine, wakipima kila moja, mpaka wakapata iliyotangazwa mwaka 1910 kutibu kaswende. Uvumilivu ule wa kupima na kupima tena uliokoa watu wengi.

Sasa rudini nami Karema. Miaka hiyohiyo, kwenye ufuko uleule unaokumbwa na malale, yupo Atiman. Hana chuo kikuu jirani. Hospitali kubwa ziko mwendo wa siku nyingi. Akikosea kipimo, hakuna mtu nyuma yake wa kukagua daftari, na anayeumia hana mahali pa kushtaki. Hapo ndipo mtu anajulikana. Uangalifu wako mwalimu akiwa amesimama pembeni unaweza kuwa woga tu. Uangalifu wako ukiwa peke yako, na mgonjwa ni maskini asiyejua kusoma kilichoandikwa kwenye chupa, huo ni upendo.

Kuna jambo dogo la miaka hiyo ninalolipenda. Karibu na mwaka 1890, Atiman akiwa mgeni Karema, daktari mmoja wa upasuaji huko Baltimore, Marekani, William Halsted, alimwona muuguzi wake, Caroline Hampton, mikono imechubuka kwa kemikali za kuua vijidudu. Akaagiza kiwanda cha mpira kimtengenezee glovu nyembamba. Baadaye walioana. Glovu za chumba cha upasuaji zilianzia hapo, kwa mtu kujali ngozi ya mtu mwingine. Ukizivaa kesho, kumbuka zilianza na huruma.

Na sisi wa Usoke?

Najua kuna wanaojiuliza kemia inahusiana nini na blogu ya vijana Wakatoliki. Jamani, angalieni tunapoishi. Huku Urambo ni nchi ya tumbaku. Nikotini ni kemikali ogania, na ni sumu kali. Anayechuma majani yenye umande bila kujikinga, nikotini inapita kwenye ngozi. Jioni anasikia kizunguzungu, anatapika, watu wanasema amelogwa au ana malaria. Viuatilifu vya shambani navyo vingi ni kemikali za jamii hiyo ya kaboni. Vinahamishiwa kwenye chupa ya soda kwa sababu chupa kubwa ni nzito, chupa inawekwa chini ya kitanda, na mtoto mwenye kiu hajui kusoma mawazo yako.

Kwa hiyo unapojifunza maabara kuandika jina la chupa, hujifunzi kwa ajili ya mtihani wa vitendo wa NECTA peke yake. Unajifunza jinsi ya kumwokoa mdogo wako nyumbani.

Maabara zetu nyingi za sekondari za kata zilijengwa kwa michango ya wazazi. Wengi mnakumbuka au mmesimuliwa miaka ya 2014, jinsi kaya zilivyodaiwa fedha, matofali na mchanga. Wapo waliouza kuku ili uwe na meza ya kusimama na testityubu. Vifaa ni vichache, najua. Miwani ya kinga mnapokezana. Lakini tabia njema haihitaji bajeti. Nimewaomba walimu wa kemia wanaosali nasi wanisaidie, na haya ndiyo waliyosisitiza kwa mtu anayeanza kazi za mikono katika kemia ogania:

Kwanza, soma zoezi lote kabla hujagusa chupa. Jua kila kitu utakachotumia kinaweza kukufanya nini, na ukimwagikiwa unakimbilia maji yaliyo wapi.

Pili, ethanoli, etha na asetoni hazipashwi moto kwa mwali. Weka testityubu ndani ya bika la maji yaliyokwisha chemshwa, mwali ukiwa umezimwa. Na kamwe usiongeze spiriti kwenye taa inayowaka. Izime, isubiri ipoe, ndipo ujaze.

Tatu, usinuse kwa kuweka pua juu ya chupa. Punga mkono, harufu kidogo ije kwako. Usionje chochote. Usivute kimiminika kwenye pipeti kwa mdomo.

Nne, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, taratibu, huku ukikoroga. Ukigeuza, ukamwaga maji kwenye asidi kali, joto linapanda ghafla na asidi inaruka usoni.

Tano, mdomo wa testityubu unayopasha moto usimwelekee mtu, wala wewe mwenyewe. Ukichemsha kwa muda mrefu, kama katika kukeneka, weka vipande vidogo vya kigae ndani kabla ya kuanza, ili kimiminika kisiruke. Usivitie wakati tayari kinachemka.

Sita, chupa isiyo na jina haitumiki. Usibahatishe, hata ukiwa na uhakika wa moyoni. Mpe mwalimu. Na mabaki usiyamwage kwenye shimo la maji ya kunywa.

Saba, ukivunja kitu au ukimwagikiwa, sema papo hapo. Aibu ya dakika 1 ni nafuu kuliko kovu la maisha.

Nikiyaangalia haya saba kwa macho ya mseminari, naona fadhila zilezile tunazofundishwa kwenye Katekisimu. Ya kwanza ni busara. Ya tatu na ya nne ni kiasi. Ya tano ni upendo wa jirani. Ya sita ni unyenyekevu, yaani kukiri kwamba hujui. Ya saba ni ukweli. Hakuna hata moja inayohitaji uwe na akili kuliko wenzako.

Maandiko yanatuambia nini

Fungueni Biblia zenu kwenye kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, aya ya 1 hadi ya 15. Mwandishi anamheshimu tabibu, na anasema Bwana ndiye aliyeweka dawa katika ardhi, na kwamba mtengenezaji wa dawa anachanganya hizo hizo alizoumba Mungu. Yaani yule anayechanganya kwa usahihi anaendeleza kazi ambayo Mungu aliianza. Kisha nendeni kitabu cha Hekima 11:20, mnakuta Mungu amepanga vitu vyote kwa kipimo, hesabu na uzito. Halafu Mithali 11:1, mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana.

Zisomeni aya hizo tatu pamoja, mkiwa na Atiman kichwani. Alianza maisha kwenye mizani ya udanganyifu, ile inayomweka mtu upande mmoja na fedha upande wa pili. Neema ikamtoa. Na badala ya kuichukia mizani, akajifunza kuishika vizuri, akaitumia miaka 67 kuwapimia wengine uhai. Sidhani kama kuna namna bora ya kulipiza kisasi kwa utumwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule binti, na kwa yeyote mwenye swali lake, ni ndiyo. Mungu anaangalia pale unaporudisha kifuniko. Anaangalia unapopima mara ya pili wakati wenzako wameshaandika majibu ya kubuni. Matokeo ya kubuni kwenye daftari la maabara ni uongo kama uongo mwingine, na anayezoea kubuni namba akiwa na chumvi atabuni akiwa na dawa ya mgonjwa.

Ya kutafakari juma hili

1. Ni kazi gani ya mikono yangu ambayo naifanya vizuri pale tu ninapotazamwa?
2. Nyumbani kwetu kuna chupa gani isiyo na jina, au sumu iliyowekwa kwenye chombo cha chakula? Juma hili nitaitoa.
3. Ni nani atakayeumia nikikosea, ambaye hawezi kunishtaki?

Tusali

Ee Mungu, uliyeumba vitu vyote kwa kipimo, tunakushukuru kwa ajili ya Adrian Atiman, uliyemtoa kwenye soko la watumwa ukamweka karibu na vitanda vya wagonjwa. Wape vijana wanaojifunza sayansi mikono tulivu, macho yasiyodanganya na moyo unaomjali mtu asiyeonekana. Uwalinde na moto, na sumu, na haraka. Kwa maombezi ya Mtakatifu Alberto Mkuu, msimamizi wa wanasayansi, tufundishwe kukutafuta hata katika kazi ndogo tunazozirudia kila siku. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Muwe na juma jema. Tukutane Dominika, Mungu akipenda.